Mahali pa Kufungia Mtumbwi

Ilianza kwa mlio wa kamba. Haukuwa mkwaruzo mwepesi wa mtumbwi unaochezewa na mkondo. Ulikuwa mguno mzito, kama wa mtu aliyetwishwa mzigo usio wake. Hata sasa, katika miaka ya sabini, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya pili anayelipima kila jambo kupita linavyostahili, kamba ikiguna popote mimi husimama na kutazama ni nani aliye chini yake.

Wakati ule, katika miaka ya hamsini, nikiwa mtoto, alikuwa Nyanya, mama yake Baba. Mguu wake ulikuwa umevimba hata asiweze kuukanyagia, nasi tulikuwa tukimpeleka zahanati ya Kipini kwa mtumbwi kutoka Garsen. Baba alimtandikia mkeka upande wa nyuma, akamjengea kivuli cha majani ya mgomba, na njia nzima Nyanya akawa anamkosoa anavyopiga kafi.

Karibu na kijiji cha Ozi maji ya mto yalianza kuwa na chumvi, jambo ambalo Nyanya alilihesabu kuwa utovu wa adabu. Baba akasimama ili akatafute maji ya kunywa. Aliufunga mtumbwi kama tufungavyo Garsen: pua imebanwa kwenye kisiki, kamba fupi, fundo gumu. Kwetu mto huenda upande mmoja, na hupanda kwa msimu, si kwa saa. Mtumbwi, alizoea kusema, hufungwa kama mbuzi wa mgeni, karibu na mlango. Nyanya akabaki mtumbwini, mimi ukingoni.

Ndipo kamba ikaguna. Maji yalikuwa yakiondoka, bila kelele, bila mtu kuyachota. Pua ya mtumbwi ilining'inia kwenye kisiki, nyuma ikashuka pamoja na mto, na Nyanya akawa anateleza taratibu kuelekea majini, mikono yake imeng'ang'ania kingo. Nikapiga ukelele. Baba alikuja mbio, akahangaika kulifungua fundo, lakini uzito ulikuwa umelifanya gumu kama mfupa. Akainua panga.

"Usikate, kaka," ikasema sauti nyuma yetu. Alikuwa mwanamke wa Ozi, ana mzigo wa kuni kichwani. "Ukikata, mama ataanguka na mtumbwi. Uinue kwanza."

Akautua mzigo, akaingia kwenye tope pamoja na Baba, wakatia mabega yao chini ya pua mpaka kamba ikalegea. Mimi nikavuta ncha. Fundo likaachia, mtumbwi ukashuka majini kwa upole. Nyanya hakulowa ila upindo wa kanga. Alimshukuru yule mama kwa dua ndefu, kisha akamwambia Baba kwamba hata siku aliyomzaa hakumtaabisha kiasi kile.

Mwenyeji wetu akatuonyesha mahali pa kufungia: mdomo wa kijito, penye tope laini na nguzo iliyosimikwa. Akaizungushia nguzo kitanzi kilicholegea, kiwezacho kupanda na kushuka. "Huku mtumbwi huachiwa nafasi," alisema, akachukua kuni zake.

Tukangoja. Mto ukasimama kabisa, kisha ukageuka. Jani la mgomba lililokwisha kutupita likielekea baharini lilirudi, likatupita tena, likielekea kwetu Garsen.

"Mto umesahau kitu nyumbani," Nyanya akasema.

Sikuweza kucheka. Baadaye nimesoma jinsi mwezi uvutavyo bahari, na ninaweza kuyaeleza hayo ubaoni bila kigugumizi; mwili wangu bado haujakubali.

Tangu safari ile, mtumbwi wa Baba peke yake pale Garsen ulielea mbali, kwenye kamba ndefu. Waorma waliokuja kunywesha ng'ombe walimuuliza kama ameufunga au ameuachia malisho. Baba alicheka nao, wala hakuifupisha. Mwanzoni nilidhani ni usahaulifu. Nilipokua nikaunda nadharia nyingine, nyingi, zote za kisomi, na kwa miaka sikuthubutu kumuuliza, hata baada ya Nyanya kufariki, mzee sana, kitandani pake.

Jana nikapiga simu kwenye duka moja la Garsen, nikangoja Baba aitwe. Nilipoisikia pumzi yake nilisahau hata kuamkia. Nikamuuliza kamba ile ndefu ilikuwa ya nini. Nyuma yake watu walikuwa wakibishana juu ya mbuzi.

"Ya mama yangu, asiteleze tena," akasema.