Bunthan na Mwisho Waliomnyang'anya

Siku hizi mtu akitaka sinema anajifungia chumbani na simu yake, anacheka peke yake kama mwehu. Sisi tulikuwa na Bunthan.

Bunthan Saenkham, mtu wa Roi Et, mashambani mbali na Bangkok, alikuwa msemea filamu. Filamu zilitufikia kutoka Uhindi na Hong Kong, zote kwa lugha za watu. Mimi nilitundika pazia uwanjani pa hekalu na kuendesha mashine. Yeye alishika kipaza sauti na kuwasemea wote, shujaa, mkewe, mama mkwe, hata farasi. Jambazi wa Kichina alipochomoa upanga, Bunthan alimfanya aulize kwanza bei ya nyati mnadani. Wazee walicheka hadi wali wa kunata ukawapalia. Kisha filamu zikaanza kuja zimeshasemewa huko Bangkok, na mtu aliyekuwa na midomo arobaini akabaki kuuza betri.

Ndipo alipoandika hadithi yake ya pekee, kurasa nne katika jarida la wiki. Chombo kinashuka kutoka angani juu ya mashamba ya mpunga yaliyokauka. Kinanunua sauti za watu, kinalipa mvua. Watu wanauza. Mvua inanyesha, mpunga unajaa. Jioni inaingia, nyati wamesimama mbali, na hakuna wa kuwaita. Basi.

Miaka mingi baadaye akaja mwongozaji wa filamu kutoka Bangkok, kijana aitwaye Kem, mwenye viatu vyeupe. Aliitaka hadithi aifanye filamu ndefu.

"Kurasa nne hazijazi saa mbili, mjomba," alisema. "Itabidi niongeze watu."

"Ongeza hata tembo. Mwisho usiuguse."

"Mwisho ndio ulionileta hapa, mjomba."

Nilimwonya Bunthan asimwamini mtu anayechagua pilipili kwenye saladi yetu ya papai bichi na kuziweka kando. Akanicheka.

Tulikwenda kuitazama mjini, kwenye jumba lenye baridi juu ya duka la majokofu. Chombo kilikuwapo, kizuri kweli. Walikuwapo pia askari mwenye kifua kipana na binti ambaye hajawahi kukanyaga tope. Mwishoni askari akakilipua chombo, sauti zikawarudia watu, kijiji kizima kikaimba na nyati wakaja mbio kama mbwa.

Kem alikuwa mlangoni akipokea pongezi.

"Nyati wamerudi," Bunthan alimwambia.

"Watu hawalipi ili watoke na huzuni, mjomba. Wenye fedha walikataa. Nimepigana sana."

"Aliyepigana ni askari wako. Wewe umeuza."

"Lakini jina lako lipo mwanzoni, tena kubwa."

"Ndilo linaloniuma. Lifute."

Halikufutwa. Msimu mzima ule wa mvua Bunthan aliwafungia mlango waliokuja kumpongeza.

Kisha mwana wa Samniang, muuza kuku wa kuchoma, akapona ajali ya pikipiki. Mama huyo alikuwa ameweka nadhiri ya sinema kwa Babu Mlinzi, mzimu wa kijiji. Sinema ya nadhiri huonyeshwa mbele ya kijumba cha Babu, watu waje wasije. Mtazamaji ni yeye. Zamani walikuja hata wa vijiji vya mbali. Siku hizi wanakuja mbwa.

"Nataka ile ya Bunthan," Samniang akaniambia. "Si ni ya nyumbani?"

Nilitaka kukataa. Bunthan alisema, "Tafuta kipaza sauti changu."

Jua lilipozama nikawasha mashine na kuizima sauti. Akawasemea wote, mzee yule. Askari wa kifua kipana alitetemeka na kuuliza bei ya nyati. Samniang akacheka mpaka akajifuta machozi. Binti alipatana bei, akaiuza sauti yake, na tangu hapo kila alipofungua kinywa Bunthan alinyamaza. Mmoja mmoja wakauza. Kijiji kizima kilipojipanga kuimba, Bunthan akakilaza kipaza sauti majanini. Vinywa vikafunguka pazia zima. Tukasikia jenereta tu.

"Mbona hawasikiki?" Samniang akauliza.

"Si wameuza, dada."

Nyati wa kwanza alipochungulia pembeni mwa pazia, nikaziba lenzi kwa kiganja, kama tulivyokuwa tukifanya zamani penye busu mbele ya watawa.

Bunthan akakigeukia kijumba.

"Inaishia hapo, Babu. Wakikuletea zaidi ya hapo, wamekudanganya."