Batoto ba Amani

Siku ninayoikumbuka kuliko zote nilizoishi hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mwanangu, haikuwa siku ya vita. Ilikuwa Jumatatu ya kawaida, saa nne asubuhi, nami nimesimama nje ya chumba cha kanisa, mikono nyuma, nikimweleza mama mmoja mshonaji kwamba mtambo wangu hauna kasoro na kwamba kasoro iko kwenye vidole vyake.

Juzi ulinijia na furaha, kwamba kamati imekupa kazi ya kufunga kisambaza mtandao kipya, ukaniomba nikueleze habari za antena na nyaya. Za antena nitakueleza, nazo ni chache. Kabla ya hizo kuna jambo ambalo sijapata kumsimulia mtu kwa ukamilifu wake, kwa sababu ninaliona aibu. Kaa chini ulisikilize lote.

Wakati huo nywele zangu zilikuwa bado nyeusi, na kiburi changu kilikuwa cha kijana kabisa. Vita vilikuwa vimewaka upya kwetu Kivu, Kongo, na kila wiki watu walishuka hapa na vifurushi vyao. Nilikuwa mwalimu, mtu wa Bukavu, na kambi nzima ilinijua kwa jambo moja: sikukubali maneno ya kuambiwa. Mtu akija mbio kusema mji fulani umeanguka, nilimwuliza nani amesema, na huyo aliyesema aliona kwa macho yake au naye aliambiwa. Watu walinicheka. “Mwalimu huyu, ata mvua imunyeshee, ataulizaka nani alisema iko inanyesha!” Mimi nilicheka nao, na moyoni nilijisifu. Sikuwa bila sababu. Kwetu maneno ya kuambiwa yamechoma nyumba na kuwafukuza majirani walioishi pamoja miaka mingi. Lakini chuki yangu dhidi ya uvumi, niliyoiita busara, ilikuwa imeanza kunifunga masikio, nami sikujua.

Nilichaguliwa kwenda Lilongwe kujifunza kazi ya mtandao, siku mbili, katika ofisi ndogo ya Area 49. Fundi aliyetufundisha alikuwa Mmalawi mpole, mwangalifu. Alitufundisha kuunganisha kompyuta na mtambo kwa waya kwanza, kubadilisha nenosiri la kiwandani kabla ya jambo lingine lolote, kuupa mtandao jina, kisha kuuwekea neno la kuingilia. Hapo alinyanyua kidole. “Musalembe pakhoma, bambo,” alisema, maana yake tusiliandike neno hilo ukutani. Nililiandika onyo lake katika daftari, nikalipigia mistari miwili.

Niliporudi tulifunga mtambo juu ya paa la chumba cha kanisa, tukaupa umeme wa jua na betri ya gari. Neno la kuingilia nililichagua mwenyewe: watotowaamani, herufi ndogo, bila nafasi. Wanafunzi wangu wa darasa la jioni, wengi wao watu wa Bukavu waliosoma, niliwatajia herufi moja moja, wakaliandika madaftarini. Kwa wengine wote nililitangaza mara moja tu baada ya ibada ya Jumapili. “Neno ni watoto wa amani. Mpashane, lakini asiandike mtu ukutani.”

Angalia hapo, mwanangu. Mtu asiyeamini maneno ya kuambiwa alichukua ufunguo wa nyumba nzima akaupitisha mdomo kwa mdomo. Niliona ninalinda usalama.

Baada ya wiki chache yakaanza maneno. Ilisemwa kwamba mashine ya Mwalimu ina ubaguzi, kwamba inawapokea watu wa Bukavu na kuwakataa watu wa Fizi. Niliposikia hivyo nilikasirika mno. Chuma kitajuaje kabila la mtu? Nilisimama kanisani nikawakaripia. Niliwaambia kwamba uvumi wa namna hiyo ndio uliotuhamisha makwetu, na kwamba atakayeurudia atafungiwa huduma. Nilidhani nimewashawishi.

Mama Riziki alikuja mara ya kwanza siku ya Alhamisi. Alikuwa mtu wa Fizi, mjane, mwenye cherehani yake karibu na soko, mkimya, asiyejulikana kwa kugombana na mtu. Alikuwa na simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, aliyoipata Old Town, mjini Lilongwe, kwa kuuza magauni mawili.

“Mwalimu, mashini yako inanikatala.”

“Umeandika neno nililosema?”

“Mi nimeandika njo ile ulisema,” alijibu, na “njo” kwao ni “ndiyo”.

“Basi rudia polepole.”

Akainamisha kichwa. “Mudogo wangu, Asukulu, banasema alivuka Kigoma. Hana namba yangu ya huku. Adresi ile ya mtandao njo anajua, ni jina ya papa yetu. Kama aliandika, iko humo.”

Nami, badala ya kumwambia nipe simu nitazame, nilimwuliza, “Nani anasema alivuka Kigoma?”

Akanitazama kidogo. “Batu, Mwalimu.”

“Watu!” nilisema, nikaingia ndani.

Alirudi Ijumaa. Alirudi Jumamosi. Utaniuliza kwa nini hakuazima simu ya jirani. Aliazima, lakini majirani zake wote wa mstari ule walikuwa watu wa Fizi, nao walikuwa wamepashana neno lilelile kwa sauti ileile, kwa hiyo kila simu aliyoazima ilikataliwa kama yake. Jumatatu akaja tena, saa nne, ndipo nilipomwambia yale ya vidole, na mbele ya watu. Nilisema kwamba mwenye kuzoea sindano asilaumu herufi. Wengine walicheka. Yeye alifunga simu yake katika pindo la kitenge, akasema, “Sawa, Mwalimu. Aksanti,” akaenda zake.

Jumanne nilitembelewa na Mzee Wilondja, mlinzi wa kanisa letu, mtu wa Uvira aliyekuwa amewazika watoto wawili njiani. Hakuketi.

“Mwalimu, we unasemaka haupendi maneno ya kuambiwa.”

“Siyapendi, Mzee.”

“Ile mama, simu yake ulishaiangalia?”

“Mzee, tatizo lake ni kwamba...”

“Sijauliza tatizo. Nimeuliza kama ulishaangalia.”

“Bado, Mzee.”

“Basi nani alikuambia ni vidole?” Akaendelea, bila kupandisha sauti. “Hakuna mutu alikuambia. Ulijiambia weye mwenyewe. Ile nayo ni maneno ya kuambiwa, mwanangu.”

Sijapata kukaripiwa hivyo tangu nikiwa mtoto wa shule. Nilivaa viatu nikamfuata mpaka kwenye cherehani ya Mama Riziki. Nilimwomba aliandike neno lile mbele yangu, nami nikasimama nyuma ya bega lake. Aliandika kwa uangalifu mkubwa, herufi moja moja, kama mtu anayetunga uzi katika sindano. Vidole vyake havikukosea hata mara moja. Aliandika: batotobaamani.

Unaelewa, mwanangu? Kwetu mtu anasema batoto, hasemi watoto. Neno langu la kitabuni lilitoka kanisani likapita kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, na kila mmoja akalitamka kwa lugha ya mama yake, kama ilivyo haki ya kila mtu. Lilipomfikia Mama Riziki lilikuwa Kiswahili cha nyumbani kwake. Mtambo haujui Fizi wala Bukavu. Unajua herufi tu. Lakini herufi zile nilizichagua mimi, kwa lugha ya darasa langu, na kwa hiyo uvumi nilioukaripia kanisani ulikuwa umesema kweli kwa njia yake. Mlango ulikuwa unawakataa watu wa Fizi. Mimi ndiye niliyeufunga.

Nilichukua simu, nikaandika w mahali pa b, mara mbili. Ikafunguka. Zikaingia barua nne, moja baada ya nyingine, na kila moja ilipolia Mama Riziki alishtuka kama anayeguswa begani.

Alisoma mwenyewe, kwa sauti, akituita kwa macho tusiondoke. Ya kwanza ilikuwa ya Alhamisi. “Yaya,” ndivyo kwao wanavyomwita dada mkubwa, “Yaya, niko Lilongwe, ku stendi ya Old Town. Batu banasema mulishapandaka ndege, mulienda Canada. Benzangu banasema bila karatasi tutakamatwa ku njia ya Dzaleka. Kama uko, unijibu, nitakuja ata kwa miguu.” Ya Ijumaa ilisema yaleyale, fupi zaidi. Ya Jumamosi iliuliza kama Riziki, mtoto wa dada yake, amekua. Ya mwisho ilikuwa ya Jumatatu asubuhi: “Yaya, sasa nimeamini mulienda. Mungu abatunze huko. Lori inatoka leo saa sita, ninaenda na benzangu Msumbiji.”

Huenda lori lilikuwa limechelewa. Mimi na Mama Riziki tulipanda kabaza, baiskeli za abiria, mpaka barabara kuu, kisha basi dogo mpaka Lilongwe. Old Town ilikuwa imejaa watu kama kawaida yake, na kila kijana mwenye mfuko mgongoni tulimkimbilia tukamtazama usoni. Mwishowe mama mmoja muuza mandasi, maandazi ya huku, karibu na mabasi ya kusini alituelewa. Alimkumbuka vizuri. Kijana Mkongo, mwenye adabu, aliyewauliza wote walioshuka kutoka upande wa Dowa, wilaya ya kambi yetu, kama wanamjua Mama Riziki, na mtu mmoja akamjibu kwa uhakika kabisa kwamba mama huyo ameshasafiri. “Anapita dzulo,” alisema yule mama kwa huruma. Ameondoka jana.

Kesho yake nilipanda paani na kompyuta yangu. Kila mtambo wa aina hii huandika ndani yake nani amebisha hodi na nani amekataliwa, na tangu Lilongwe nilikuwa nimefundishwa kuusoma ukurasa huo kila juma. Sikuwa nimeufungua hata mara moja. Nilikuta simu ileile, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumatatu, imekataliwa, imekataliwa, imekataliwa. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Jumatatu, saa nne na dakika kumi. Wakati huo nilikuwa nimesimama chini ya ukingo wa paa hilohilo, mikono nyuma, nikiwachekesha watu, na Asukulu alikuwa bado yuko stendi. Ushahidi ulioandikwa, ule niliodai kuutaka kwa kila mtu, ulikuwa juu ya kichwa changu siku zote nne.

Barua moja ilikuja baadaye kutoka Tete, huko Msumbiji, kwamba ni mzima na anaendelea kusini. Mama Riziki alimjibu siku hiyohiyo. Hakuna barua nyingine iliyofika, na mpaka leo hatujui.

Nilikwenda kumwomba radhi, nikiwa na hotuba niliyoipanga vizuri. Hakuniacha niimalize. “Mwalimu, acha. Andika ile neno ku mlango. Na uandike vile tunasemaka.” Basi nilibadilisha neno katika mtambo, kisha nikachukua chaki, na mkono huu uliokuwa umekata “batoto” kwa wino mwekundu katika madaftari ya watoto wasiohesabika uliandika mlangoni, kwa herufi kubwa za wazi, batotobaamani. Jumapili nikasimama palepale nilipowakaripia, nikawaambia kwamba walikuwa wamesema kweli na mimi ndiye niliyekosa. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Sasa nisikilize, mwanangu, nikupe ulichokuja kukichukua. Antena uiinue juu ya paa la jirani, uielekeze mbali na mabati, na waya uufunge usicheze na upepo. Nenosiri la kuutawala mtambo ulinde kama jicho lako. Hilo ni lako na la kamati. Lakini neno la kuingilia ni la watu, na la watu liandikwe mahali ambapo watu watalisoma, kwa lugha wanayoisema. Ukurasa wa waliokataliwa usome kila juma, na kila unapoona simu moja imekataliwa mara nyingi, nenda ukamtafute mwenye simu. Endelea kutoamini maneno ya kuambiwa. Sikuzuii, mimi mwenyewe siyaamini hadi leo. Lakini ujue kwamba kutoyaamini ni kazi ya miguu. Uende, utazame, urudi ndipo useme. Anayekaa kitini na kusema “siamini” hajachunguza kitu. Amesikia sauti yake mwenyewe na kuiamini kuliko ya wengine. Na mtu akikuambia mlango wako unamkataa, usianze na vidole vyake.

Mungu akushike utakapopanda ngazi, mwanangu. Akupe masikio mapana kuliko yangu, na akuepushe na kuisoma, umeshachelewa, saa iliyoandikwa karibu na simu ya mtu uliyemkataa. Nenda kazini. Ukimaliza kuufunga, usiujaribu kwa simu yako. Mwite Mama Riziki kutoka sokoni, yu mzima na simu yake anayo, umwombe ajaribu wa kwanza.