Baiskeli Mbili na Gunia Moja la Mchele

Daktari aliniambia moyo wangu umetanuka kwa sababu ya presha. Kazi ya kusambaza mchele kwa baiskeli ningeweza kuendelea nayo kwa sharti moja: nikishindwa kuongea huku naendesha, nishuke. Sikuwa na kazi nyingine.

Shemeji alikuwa anauza baiskeli yake ya umeme, akatuazima asubuhi moja tuijaribu. Niliamua kuzilinganisha kwa haki: barabara ileile ya vumbi nje ya Ifakara, gunia lilelile, kwanza baiskeli yangu ya kawaida, kisha ile ya umeme. Mke wangu aliendesha pembeni yangu ile nyingine. Kazi yake ilikuwa kuniongelesha.

Mwanzoni tofauti ilikuwa ndogo. Kwenye tambarare, baiskeli yenye mzigo ikishapata mwendo haisumbui sana, na hakuniacha mbali. Tulipoingia kwenye uwazi wa mashamba ya mpunga, upepo ukatupiga usoni. Mwendo wangu ukashuka ukawa kama wa mtu anayetembea kwa haraka. Wake haukubadilika, wala hakutoka jasho.

“Mbona kimya, baba watoto? Umenichoka?”

“Nakusikiliza.”

“Nani kakuambia unisikilize? Nitajie wateja wa leo.”

Nikaanza kuwataja. Jina la mwisho lilinikwamia kooni.

Hapo tukamwona mama yake mke wangu anatoka shambani, jembe begani. Kwetu mama mkwe hasalimiwi kutoka juu ya baiskeli. Mkwe hushuka, husimama mbali kidogo, huinamisha macho.

“Usishuke, atakuelewa,” mke wangu alinong'ona.

Nikashuka.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Mnashindana?”

Kushuka hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kuondoka. Gunia likishasimama, miguu hulazimika kuliamsha lote kwa mara moja, tena pale palikuwa na mchanga. Nilikanyaga pedali kwa uzito wangu wote. Kifua kikabana.

“Sema,” mke wangu akasema.

Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka.

“Sema, nakuambia!”

Aliitupa chini baiskeli ya kaka yake, akanidaka kabla gunia halijaniangusha. Nikakaa mchangani. Mama mkwe, ambaye hajawahi kunisogelea hata msibani, alipiga magoti akaniwekea kiganja mgongoni. Tulikaa hivyo kwa muda mrefu, hadi pumzi ikatulia.

“Ungenipungia mkono tu, mwanangu.”

“Siwezi, mama.”

“Basi panda ile inayoweza.”

“Mama, leo inatosha,” mke wangu alisema.

“Leo,” nikamwambia. “Kaka yako anaitaka baiskeli yake mchana.”

Tukahamisha gunia. Mama mkwe akarudi pale aliposimama mwanzo, akangoja asalimiwe upya. Nikamsalimu, nikapanda. Nilikanyaga taratibu nikisubiri kifua kibane tena. Mota ikalivuta gunia kabla sijaweka hata nusu ya uzito wangu. Miguu ilizunguka, upepo ulikuwa uleule, na mchanga ukabaki nyuma.

Nikataja wateja wote. Kisha nikaongea habari za mfereji ulioziba, za bati linalovuja, za chochote kilichonijia. Nyuma yangu nilisikia mnyororo wa baiskeli yangu ya zamani ukilia, lakini mke wangu hakujibu. Nikageuka. Alikuwa amesimama juu ya pedali, uso umelowa, anahema.

Nikapunguza mwendo.

“Usinisubiri,” akasema kwa shida. “Wewe ongea tu.”