Kalenda ya Mkunga

Kwa miaka thelathini na moja alizalisha wanawake, na mtaani hakuna aliyemwita jina jingine ila Mkunga. Alipostaafu alibaki peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, pamoja na kompyuta aliyoachiwa na binti yake aliyehamia mbali. Mambo yalipoanza kumtoka kichwani, kwanza miadi, kisha njia ya kurudi kutoka sokoni, daktari alimshauri aandike kila siku yaliyotokea. Binti akamwekea programu ya kuandikia, kila siku na ukurasa wake.

Kurasa zikawa nyingi, zikamchanganya. Asubuhi moja akampigia simu mdogo wake, fundi redio ambaye tangu utotoni wote walimwita Nyaya.

"Nataka nione siku zangu kama kwenye kalenda ya ukutani. Nibonyeze tarehe, nijue nilifanya nini."

"Hapo unahitaji plagini, dada."

"Plagini ndiyo mdudu gani?"

Nyaya akacheka, akamweleza kuwa ni kijiprogramu unachokiongeza kwenye programu kubwa ili ifanye jambo ambalo haikuja nalo. Akamwelekeza polepole. Fungua mipangilio. Ruhusu plagini za nje, lile onyo lisikutishe. Tafuta kalenda. Bonyeza sakinisha.

"Mbona sioni kitu?"

"Umeiweka, hujaiwasha. Kuna kitufe pembeni ya jina lake, kisogeze."

Ilimchukua karibu saa nzima, miwani ikimteleza puani. Hatimaye kalenda ikajitokeza upande wa kulia, na kitone chini ya kila siku aliyoandika. Mkunga akapiga kigelegele peke yake sebuleni, akakata simu, akaanza kubonyeza tarehe.

Tarehe nne: "Nimefaulu kuweka kalenda. Nyaya amenielekeza. Nimefurahi mno."

Tarehe tisa: "Kuna kitu kigeni kimejibandika kwenye kompyuta. Sikukiweka mimi. Nimekifuta."

Tarehe kumi na tatu, kalenda tena, na furaha ile ile. Kumi na nane, kitu kigeni, nimekifuta.

Akapiga tena.

"Nyaya, hii ni mara ya ngapi?"

Fundi aliweka bisibisi mezani. Nyuma yake redio ya mteja ilikuwa ikikoroma.

"Ya tatu, dada."

"Na hukusema?"

"Kila mara ulikuwa unafurahi. Ningekwambia vipi?"

"Ungeniambia tu! Mimi nimewaambia akina mama mambo mazito kuliko hayo, nimewashika mikono nikawaambia. Unanifanya mtoto."

Nyaya alifunga karakana kabla ya saa sita akaenda kwa dada yake. Alimpikia uji, akaketi naye mpaka akamaliza.

Mwezi uliofuata Mkunga alihamia kwa mdogo wake. Aliendelea kuandika kwa miezi mitano hivi. Kurasa zikafupika, zikawa sentensi moja moja, halafu neno: mvua, chai, miguu. Kisha akaacha, akasema macho yanamuuma.

Sasa anayeandika ni Nyaya, kila anaporudi kazini, ili binti asome huko aliko. Juzi aliandika kuwa dada amekula vizuri, amelala mchana, na alipoamka alimwuliza kwa adabu kama yeye ndiye fundi aliyeitwa.