Mapigo Kwanza, Sindano Baadaye

Saa mbili kasorobo asubuhi, na ua wa zahanati ya kijiji cha Luojing, mkoani Anhui, umeshajaa wazee waliokunja mikono, kando ya mizizi ya dawa iliyoanikwa. Ge Suqin, 54, tabibu wa mitishamba, anaweka kimto cha kitambaa juu ya meza. Kando yake, Nesi Fang anafungua kasha la barafu lenye chanjo thelathini na mbili za mafua makali.

Hakuna anayesogea. Wote wanamtazama Mzee Bao Deshun, 84, anayekunywa chai yake kama vile shughuli hii haimhusu. Amewatibu kwa miaka sitini. Asipochanjwa yeye hachanjwi mtu, na kasha litarudi mjini lilivyokuja. Mzee huyo ni baba mkwe wa Suqin, tena ndiye aliyemfundisha kazi.

Anayedhani Mzee Bao anagoma kwa ujinga amepotea njia. Babu wa babu yake alikinga watoto na ndui kabla sindano haijajulikana huku. Alisaga magamba makavu ya vidonda vya mgonjwa aliyeugua kidogo, akayatia kwenye pamba na kuiweka puani mwa mtoto: wavulana tundu la kushoto, wasichana la kulia. Kwa matabibu hawa, kuzuia ugonjwa ambao bado haujafika ndiyo kazi ya juu kabisa.

"Sisi tulianza zamani," anasema Mzee, kidevu juu. "Lakini babu hakumgusa mtoto kabla ya kushika mkono wake na kusikiliza mapigo. Hawa wa mjini wanachoma watu kama wanagonga mihuri."

Maneno hayo, ambayo Mzee huyarudia kila mara, ndiyo yaliyompa Suqin wazo. Alimwomba Nesi Fang kila mzee apite kwanza kwenye meza yake, apimwe mapigo, aulizwe alivyolala na alivyokula, ndipo achomwe. Nesi aliona ni kupotezeana muda. Siku hizi ndiye anayemsogezea kiti.

Mwaka jana, Luojing na vitongoji vyake vyote walichanjwa wazee tisa tu. Vuli hii, katika vitongoji viwili alikopeleka meza, wamechanjwa sitini na saba, na Suqin hajaongezewa hata yuan moja juu ya mshahara wake wa yuan 2,800. Ukimtajia hesabu hiyo anacheka, lakini mgongo unanyooka.

Leo yuko nyumbani, na nyumbani ndiko kugumu. Mzee Bao anainuka, anakaa mbele yake na kulaza mkono juu ya kimto. Katika miaka thelathini hajawahi kumpa mkamwana wake mkono aupime. Suqin anaweka vidole vitatu, anafumba macho.

"Unasikia nini?"

"Mapigo manyonge, Baba. Yamezama, mpaka nibonyeze."

"Basi kanuni unaijua. Mwili mnyonge haupandwi ugonjwa. Tuujenge kwa dawa kwanza, chanjo tungoje baridi iishe."

Wazee wawili wanaanza kukusanya mifuko yao. Suqin angeweza kuitikia kwa kichwa, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Hayo hayo nilimwambia Mama Tian," anasema, na sauti inafika mpaka langoni.

Miaka mitatu iliyopita Tian Guizhi, 71, alimwuliza Suqin kuhusu chanjo. Suqin alimpima, akaona mnyonge, akampa mizizi ya kuchemsha na supu ya kuku, akamwambia asubiri. Mafua yalimwua kabla ya mwaka mpya. Familia iliamini siku zake zilikuwa zimefika, naye Suqin hakuwahi kufungua mdomo. Katika kazi hii, tabibu anayekiri kosa mbele ya watu anaweza kufunga makabati yake kesho.

"Nilikosea," anaendelea. "Mnyonge ndiye mafua humwanza. Babu alipanda ndui hai, iliyoweza kumshinda mtoto dhaifu. Vijidudu vya chanjo hii vimeshauawa, havina wa kumshinda. Mwenye homa leo nitamrudisha nyumbani. Mnyonge simrudishi tena."

Mume wa marehemu Mama Tian, Mzee Hou, ameketi kando ya ukuta. Anainua kichwa.

"Kwa hiyo angepona?"

"Sijui, Mzee wangu. Ila nafasi ile nilimnyima mimi. Nisamehe."

Hou anainuka, anatembea polepole na kusimama nyuma ya Mzee Bao. Hapo Bao anafungua vifungo vya koti.

Nesi anamwuliza nani amempima, ajaze fomu. Kwa kawaida Mzee humwita Suqin mke wa mwanangu, hata mbele ya wagonjwa. "Andika Daktari Ge," anasema. Suqin anageukia ukuta na kujifuta macho kwa mkono wa koti, na mimi mwandishi sikuwa na hali bora kuliko yake.

Kufikia adhuhuri wamechanjwa thelathini na mmoja. Mmoja amerudishwa kwa sababu ya homa, na tarehe yake imeandikwa.

Ng'ambo ya mto kuna wazee arobaini na wawili ambao hawajataka hata kumsikia nesi. Suqin atawapelekea meza Ijumaa. Alipanga kwenda na Nesi Fang tu, lakini Mzee Bao ameshasema naye anakwenda.

"Wakikunyima mikono yao, mwanangu," anamwambia, "nitawauliza ni tabibu gani mwingine amewahi kuwaambia alipokosea."