Amplifaya ya Tatu na Kibao cha Namba

Mtaani walimwita Dokta, naye alishachoka kueleza kwamba hakusomea chochote. Miaka ishirini na miwili alikuwa akilala ndani ya mabuti ya magari ya watu, kichwa kwenye tairi la akiba, miguu nje, akifunga sabufa, spika kubwa za besi. Mgongo ulikuwa umekwisha. Sikio la kushoto liliisikia dunia kana kwamba imefunikwa mto. Nyumbani hakuweka redio, na mkewe alipoimba akiosha vyombo, alimwomba kwa upole aimbe kimoyomoyo.

Jumamosi hiyo alitaka jambo moja tu: iwe mara ya mwisho kuingia kwenye buti la mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa wakala wa bima, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, anayeweza kumuuzia samaki bima ya kuzama. Ndani ya miezi saba alikuwa ameunguza amplifaya mbili. Kila moja ilipoungua alimpigia mama yao, mama akampigia Dokta, na Dokta akarudi butini. Sasa alikuja na ya tatu, ndani ya boksi lenye picha ya simba anayetema moto.

"Wati elfu tatu, kaka," alisema, akilipapasa boksi kama kichwa cha mtoto mchanga.

"Nani kasema?"

"Si imeandikwa hapo?"

"Hata wewe kadi yako imeandikwa mshauri mwandamizi."

Dokta hakuwa na tabia ya kusoma maboksi. Aliitoa amplifaya, akachomoa fyuzi, akaisogeza karibu na macho. Ampea thelathini. Akaizidisha kwa volti kumi na mbili za betri, akiandika kwa kidole kwenye vumbi la bampa: wati mia tatu na sitini. Simba akageuka paka, tena wa ndani. Kisha akazipima sabufa kwa mita. Kila moja ilikuwa na ukinzani wa omu nne. Na chini ya amplifaya, kwa herufi za kumtoa mtu machozi, iliandikwa isipewe mzigo wa chini ya omu nne.

"Zile mbili ziliungua kwa sababu nilizifunga vizuri," alisema, "halafu ukaenda kwa yule jamaa wa ng'ambo ya barabara akazifunga upya."

"Aliunga sabufa bega kwa bega. Zililia, kaka. Zililia kweli."

"Amplifaya ndiyo iliyokuwa inalia. Sabufa mbili za omu nne bega kwa bega ni omu mbili."

"Nne na nne ni mbili?"

"Ndiyo."

"Ndiyo maana shule ilikushinda."

Ubishi huo Dokta alishabishana na wahandisi wawili na mwalimu mmoja wa hesabu, na wote walikwenda ng'ambo ya barabara. Alijipenyeza butini, akaziunga sabufa kwa foleni, umeme upite ya kwanza ndipo uingie ya pili, zikawa omu nane na amplifaya ikapata pumzi. Kisha akatoka kwa awamu tatu: kiwiko, goti, tusi.

Mdogo wake akawasha muziki. Akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari.

"Kaka, hii ni sauti ya chumba cha kusubiria daktari wa meno."

"Ndiyo sauti yake."

"Haitikisi."

Dokta aliyaona macho ya mdogo wake yameshavuka barabara. Kule jamaa alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mwavuli wake, anatabasamu bila haraka. Jumatatu moshi. Jumanne mama. Jumatano buti.

"Kuna kitu sijamaliza," alisema. "Kaa ndani, usigeuke."

Alizunguka nyuma ya gari, akachuchumaa kwa uchungu, akalegeza skrubu mbili za chini za kibao cha namba. Akafikiri kidogo. Akalegeza na za juu.

"Washa."

Kila besi ilipopiga, kibao kiligonga bati kama meno ya bandia kwenye baridi.

"Hapo sasa," alisema mdogo wake, macho yamelegea kwa utamu. "Ulikuwa unanificha nini?"

"Kuna mahali palikazwa mno."

Hakuwa amesema neno la uongo, na hilo lilimchosha kuliko uongo wenyewe.

Hata saa moja haikupita, gari likarudi kimyakimya. Mdogo wake alishuka, tai begani, kibao kwapani kikiwa na alama ya tairi la lori.

"Kimeanguka kwenye mzunguko wa barabara. Nimekikimbilia kwa miguu, trafiki ananitazama tu."

Dokta hakukiangalia kibao. Alifungua buti, akaweka kiganja juu ya amplifaya, akakiacha hapo. Vuguvugu, kama shavu la mtu aliyelala. Ya tatu ilikuwa hai.

"Hiyo besi, kaka," mdogo wake alisema, na sasa alikuwa anajivuna. "Yule jamaa hajawahi kuning'olea kibao."

"Hajawahi," alikiri Dokta.

Alikaa juu ya tairi kuukuu, akakinyoosha kibao kwenye goti. Kazi hii, angalau, inafanyika mtu ameketi. Akakirudisha garini kwa skrubu mpya, akakaza za juu mpaka zikagoma kuzunguka, akakaza moja ya chini. Ya nne akaizungusha nusu, akaiacha kona hiyo iendelee kugonga.

"Kikianguka tena njoo moja kwa moja kwangu," alisema. "Mama usimpigie."