Mafuta ya Mheshimiwa Lado

Kabla mumewe hajakamatwa, Lilly Jokudu alikuwa mwanamke wa kutulia. Alikaa kwenye kibanda chake cha soko la Sherikat, ng'ambo ya daraja la Juba, sindano mkononi na kitambaa mapajani, akitarizi maua na njiwa kwenye milaya, yale mashuka ambayo watu wa Juba huwapa maharusi. Ufundi huo alifundishwa na mama yake huko Bweyale, Uganda, walikokimbilia vita akiwa mtoto. Nchi ilipopata uhuru alirudi nao, pamoja na Kiswahili chake cha kule. Wateja walizoea kumkuta ameinamisha kichwa. Baada ya Loku kukamatwa, hakuna aliyemwona tena ameketi kwa muda mrefu.

Loku alikuwa dereva wa lori la vitunguu kwenye barabara ya Nimule. Siku moja, akiwa amechoka kusimamishwa na kulipishwa kwenye kila kizuizi, alirekodi sauti yake kwenye simu na kuituma kwenye kundi la madereva wenzake. Aliuliza tu pesa hizo zinaingia mfuko wa nani. Haikupita wiki, wanaume wawili waliovaa kiraia wakamfuata akishusha mzigo. Walimwambia apande gari lao, akapanda.

Lilly alizunguka. Alikwenda polisi Buluk, wakamwambia hayupo kwao, na ilikuwa kweli. Alikwenda ofisi nyingine, akaulizwa nani amemtuma. Alikwenda kwa wakili mmoja, naye akamweleza kwa upole kwamba sheria inawaruhusu watu wa usalama kumchukua mtu bila hati ya mahakama, na kwamba pasipo shtaka hata yeye hana pa kuanzia.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza Lilly.

"Subiri, mama."

Alisubiri kwa miguu, akiukata mji huku na huku, hadi asubuhi moja Loku alipoingia mwenyewe uani kwao New Site, amekonda, na viatu alivyovaa si vyake. Hakusema alikuwa wapi. Alioga, akala kidogo, akalala.

"Kalas, Mama Poni," alimwambia mkewe alipoamka. "Nimerudi. Mambo yaishie hapo."

Kwa Lilly hayakuishia. Akishika sindano, mguu ulianza kucheza wenyewe. Akimaliza jani moja la ua alikuwa ameshainuka mara tatu kwenda kutazama barabara. Gari likipunguza mwendo mbele ya kibanda, aliacha uzi akachungulia waliomo. Hakulia, na hakuongea sana. Alikuwa tu kama mtu aliyeacha kitu jikoni kinaungua na hakumbuki ni nini.

Katika hali hiyo ndipo Mheshimiwa Lado alipokuja sokoni. Alikuwa mbunge wa bunge la taifa, mtu mnene kiasi, mwenye sauti nzuri ya kwaya, ndugu wa mbali wa upande wa mama yake Lilly. Hakuwa amechaguliwa. Kama wabunge wenzake, aliteuliwa, na jina lake likasomwa kwenye televisheni. Lakini uchaguzi ulikuwa ukizungumzwa kila mahali, naye alitaka watu waanze kumjua. Alipita kibanda kwa kibanda akisalimia na kuomba chochote cha kumsaidia kujipanga, hata cha mafuta ya gari tu. Wanawake walitoa kidogo kidogo, wakapiga vigelegele, kama desturi.

Alipofika kwa Lilly, Lilly hakutoa.

"Mheshimiwa, sasa hivi nani anakununulia mafuta?"

Lado alicheka. "Marafiki, dada yangu. Mshahara wetu wenyewe unachelewa, unajua."

"Na marafiki hao wakikuambia unyamaze, unanyamaza?"

Lado alitazama pembeni, akaitazama milaya iliyoning'inia, akasema ni nzuri, akaenda zake.

Swali lile lilibaki na Lilly. Aliligeuza siku nzima, na kesho yake akalipeleka kwenye sanduku. Sanduku ni chama cha akina mama wa pale, ambapo kila mmoja huweka pesa na zamu yake ikifika huchukua. Walikutana nyuma ya duka la Cissy, Mganda kutoka Masaka aliyeuza matoke na maji ya kunywa. Mwenyekiti alikuwa Natalina, bibi mwenye meno machache na maneno mengi, ambaye wote walimwita Haboba, yaani bibi kwa Kiarabu cha Juba.

"Mbunge anamsikiliza anayemjazia tangi," Lilly aliwaambia, amesimama. "Basi tumjazie sisi. Kidogo kidogo, bei ya glasi ya chai kwa kila mtu. Halafu tumwambie tunataka nini."

"Tunataka nini?" aliuliza mmoja.

"Aulize bungeni watu wetu wako wapi. Na aseme mtu asichukuliwe bila hati."

Mama mmoja alikusanya khanga yake akaondoka bila kuaga. Haboba Natalina alitikisa kichwa.

"Pesa ya sanduku ni ya msiba na shule. Siasa siigusishi nayo."

"Sisemi ya sanduku, Haboba. Kila mtu atoe yake, kwa mkono wake."

Cissy, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, alisema, "Mimi iko mgeni hapa, nyabo. Nikitoa ya siasa, kesho wananirudisha kwetu."

"Wewe usitoe hata kidogo," Lilly alimjibu. "Watasema ni pesa ya wageni. Tupe kivuli cha duka lako, na redio."

Waliokubali hawakuwa wengi. Lakini Lilly hakutulia. Alikwenda kwa wauza samaki, kwa wasusi, kwa wake za madereva, na kila alipokwenda alikuta jambo ambalo hakulitegemea: karibu kila nyumba ilikuwa na jina la mtu aliyechukuliwa. Mpwa. Jirani. Kijana aliyeimba wimbo wa mzaha harusini. Watu walikuwa wameyafunika majina hayo kama majivu juu ya makaa, na yeye alikuja kuyapuliza.

Mheshimiwa aliitwa, akaja mchana kweupe, akidhani ni vigelegele tena. Wanawake walipanga mstari. Wa kwanza aliweka noti zake mezani na kusema, "Hii ni ya Wani, mtoto wa dada yangu." Wa pili akataja jina la mtu wake. Wa tatu la wake. Uso wa Lado ulibadilika polepole. Mwishoni akaja Haboba Natalina, ambaye hakuna aliyemtarajia, na noti moja iliyokunjwakunjwa.

"Hii ni ya Duop," alisema. "Mnuer, mwalimu wa wajukuu zangu. Walimtoa darasani. Si kabila langu, lakini ni mwalimu wangu."

Lado alikaa akiitazama meza.

"Mngenipa mbuzi ingekuwa rahisi," alisema hatimaye.

"Unaweza kukataa," Lilly alimwambia. "Ukikataa hatutakuchukia. Ila ukichukua, ni yetu iliyo kwenye tangi. Usipouliza, tutakuja kuichukua."

Alichukua. Labda kwa sababu ya aibu, labda kwa sababu gari lake lilikuwa kweli halina mafuta. Alipoondoka, mkono aliowapungia ulikuwa mzito.

Bunge lilikaa, na Lado hakusema kitu. Likakaa tena, na bado. Lilly alipanda boda akavuka daraja, akasimama nje ya lango la bunge mpaka askari akamwuliza anauza nini. Alimpigia simu mheshimiwa, ikaita bila kupokelewa. Nyumbani hakupika vizuri, alisahau chumvi, alifagia ua uliokwisha kufagiwa.

Loku alijua. Sherikat yote ilijua.

"Unataka wanirudishe ndani?" alimwuliza jioni moja wakiwa uani.

"Nataka wasimrudishe mtu."

"Mimi sikukuomba. Sikiliza, Mama Poni. Mule ndani mtu anajifunza kuwa mdogo. Nimejifunza. Niache niwe mdogo, niendeshe lori langu."

Lilly alitaka kumshika mkono, lakini mwenyewe alikuwa ameshasimama, na Loku naye alikuwa ameshageuka.

Jumapili iliyofuata aliwachukua Haboba na mama mmoja muuza samaki, wakaenda kanisani anakosali Lado. Waliimba, wakasali, wakangoja ibada iishe. Nje, mheshimiwa akisalimiana na wazee wa kanisa, Lilly alimfikia, akapiga goti kidogo kwa heshima, na kusema kwa sauti ya kawaida, isiyo ya ugomvi:

"Mheshimiwa, tumekuja kuchukua mchango wetu."

Wazee waligeuka. Lado alijaribu kutabasamu. "Dada, haya ni mambo ya ofisini."

"Tulikupa sokoni, mbele ya watu. Tunaomba uturudishie mbele ya watu."

"Mchango gani?" aliuliza mzee mmoja.

Haboba Natalina akamweleza. Alieleza yote, na jina la kila mtu, hakuruka hata moja, na kina mama waliokuwa wakielekea nyumbani wakarudi kusikiliza. Lado alisimama ameshika mlango wa gari. Hakurudisha kitu siku ile. Aliwaambia tu, kwa sauti ya chini, "Jumanne."

Jumanne walijazana kwenye duka la Cissy. Redio moja ya mjini ilikuwa ikirusha kikao cha bunge, na kwa muda mrefu walisikia habari za barabara na mafuriko tu. Lilly alitembea mlangoni na kurudi, mlangoni na kurudi, hadi Cissy akamwomba asimame asimfanyie kizunguzungu. Kisha ikaja ile sauti ya kwaya.

Lado alisema hana nia mbaya. Akasema anaipenda serikali. Akazunguka sana, mpaka muuza samaki akasonya. Halafu akauliza, wazi kabisa, waziri aliambie bunge watu hawa wako wapi, na kama hawana kosa kwa nini hawapo nyumbani, na kama wana kosa kwa nini hawapo mahakamani. Akaanza kusoma majina. La Duop alilitamka vibaya, lakini alilisoma. Alipofika katikati, spika alimwambia akae. Lado akaendelea. Spika akamwambia tena. Redio ikakata, ukaja wimbo.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mwanamke mmoja, ambaye jina la mpwa wake lilisomwa, alikaa chini sakafuni na kujifunika uso. Mwingine, ambaye la mpwa wake halikufikiwa, alimtazama Lilly kama aliyemnyima kitu.

Siku zilizofuata hazikuwa na mpangilio. Mwalimu Duop alirudi, mwembamba kama mti wa ufagio, na wajukuu wa Haboba walikimbia kumshika miguu. Hakuna aliyeeleza kwa nini yeye. Wengine hawakurudi. Kifungu kile cha sheria, cha kumchukua mtu bila hati, hakikuguswa. Ilisemwa kamati itakiangalia. Kisha taarifa ya habari ya jioni ikasoma amri ya rais, majina ya walioteuliwa na walioondolewa, na jina la Lado lilikuwa miongoni mwa walioondolewa. Sababu haikutajwa.

Na wanaume wawili walikuja kibandani. Waliishika milaya, wakauliza bei, wakauliza jina lake, wakauliza mume wake anaendeleaje. Mmoja alinunua foronya na kulipa bila kupunguziwa bei. Lilly aliwarudishia chenji kwa mikono iliyotulia, jambo lililomshangaza mwenyewe. Walipoondoka alifunga kibanda jua likiwa bado juu.

Loku aliposikia, hakugomba. Alifunga nguo zake kwenye begi na za watoto kwenye lingine.

"Tunakwenda Uganda, Koboko kwa dada yangu. Njoo."

"Nitakuja."

"Lini?"

Lilly aliwasindikiza hadi kituo cha magari, akamfungia mwanawe Poni vifungo vya sweta ingawa joto lilikuwa kali, na gari lilipoondoka alilifuata kwa hatua chache kabla ya kukumbuka kuwa watu wanamwona.

Baada ya wiki kadhaa Lado alikuja sokoni kwa boda, bila gari, bila suti. Akakaa juu ya robota la nguo. Wanawake walikusanyika kwa mbali kidogo, hawajui kama amekuja kulaumu.

"Sikuja kudai shukrani," alisema. "Uchaguzi ukija, nitagombea. Safari hii nataka kura, si amri. Nimekuja kuuliza kama mtanichangia tena."

Haboba Natalina alitafuna kitu kisichokuwepo mdomoni.

"Tunaweza," alisema. "Lakini kwanza utajibu. Kwa nini ulikaa miezi yote ile mpaka tukuaibishe kanisani?"

"Niliogopa," alisema Lado.

"Sisi pia," alisema yule ambaye jina la mpwa wake halikusomwa. "Majina yaliyobaki utayasoma wapi sasa?"

Simu ya Lilly ikalia. Alikuwa Loku, kutoka Koboko. Alisogea pembeni kusikia vizuri, akipita katikati ya mabeseni ya nyanya.

"Wamerudi tena?" Loku aliuliza.

Alifikiria kusema hapana. "Jana walipita. Hawakusimama."

Upande wa pili alisikia watoto wakigombania kitu.

"Basi njoo, Mama Poni."

"Krismasi nitakuja. Na nitakaa kidogo."

"Huko unafanya nini sasa hivi?"

Lilly alitazama nyuma. Wanawake walikuwa wamemzunguka Lado kabisa, wanaongea kwa pamoja, Kiarabu cha Juba na Kiswahili na Kibari, na yeye ameinua mikono akiwaomba waulize mmoja mmoja.

"Tunamhoji mtu," alisema. "Nitakupigia." Akarudi kwa haraka, kwa sababu swali lake alikuwa bado hajaliuliza.